Watu wa Ajabu au Watu Wenye Mwenyewe?

SOMO LA KATIKATI YA WIKI

Maandiko: Kutoka 19:5, 1 Nyakati 29:3–4, Tito 2:14, 1 Petro 2:9–12. Tafadhali yasome kwanza kwa Biblia yako mwenyewe, ndipo uendelee.



Jumapili tatu zilizopita tulikuwa na mhubiri mgeni. Kwa kuwa alihubiri kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyesimama kando yake kutafsiri. Alipofika 1 Petro 2:9 alisoma kwa ile Biblia ya Kiingereza cha zamani, King James, na akainua sauti kwa neno moja: "peculiar". Sikufikiri hata sekunde mbili. Nikasema, "Ninyi ni watu wa ajabu!" Mkapiga makofi, kinanda kikaitikia, na ndugu mmoja pale nyuma akaruka.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, ambaye amekuwa akisoma Biblia ya Kiswahili tangu kabla sijazaliwa, alinivuta kando pale penye tangi la maji. Akafungua Biblia yake, akaweka kidole.

"Pasta, hapa kwangu hakuna ajabu. Kuna milki. Hiyo ajabu umeitoa wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilirudi nyumbani na hilo swali, na limenisumbua wiki nzima. Limenisumbua kwa sababu hii haikuwa mara ya kwanza kwangu kulitumia hilo neno vibaya, na ile mara ya kwanza karibu mtoto afe. Nitafika hapo. Lakini kwanza wacha tuliangalie neno lenyewe.

1. NENO MOJA, MAANA NYINGI

Ukimuuliza kijana wa fomu tatu leo "peculiar" ni nini, atakuambia ni kitu cha ajabu, kisicho cha kawaida, kinachofanya watu wageuze shingo. Hajakosea. Hiyo ndiyo maana inayotumika sana leo. Lakini ndiyo maana changa kuliko zote.

Mzizi wa hilo neno ni Kilatini, lugha ya Warumi, na hapa Mluhya yeyote atatabasamu: linatoka kwa neno la mifugo. Kwa watu wa zamani, sawa na kwa babu zetu, mali ilikuwa ng'ombe. Kutoka kwa neno la mifugo Warumi wakapata neno la pesa, na wakapata pia neno "peculium", yaani mali ambayo mtu anaihesabu kuwa yake binafsi. Hata mtumwa, ambaye kisheria hakuwa na chochote, bwana wake angeweza kumwachia kamali kadogo ka kusimamia, na wako waliokusanya hako kamali mpaka wakajinunulia uhuru. Kwa hivyo mwanzoni "peculiar" haikuwa habari ya kushangaza watu. Ilikuwa ni jibu la swali: hii ni ya nani?

Biblia ya King James ilitoka mwaka 1611. Wakati huo maana ya "ajabu" ndiyo kwanza ilikuwa inachipuka. Wale watafsiri walipoandika "peculiar" katika Kutoka 19:5, Kumbukumbu la Torati 14:2, Tito 2:14 na 1 Petro 2:9, walikuwa wanasema mali ya mtu, hazina ya mtu. Miaka mia nne baadaye neno limehama nyumba, sisi bado tunabisha mlango wa zamani. Ndiyo maana tafsiri nyingi mpya za Kiingereza zimeliacha kabisa.

Ile maana ya kwanza haijafa lakini. Bado iko mahali pawili ambapo unaweza kuiona.

Pa kwanza ni hapa kwetu. Mwalimu wa bayolojia anaweza kusema kwa Kiingereza kwamba ndege fulani ni "peculiar" kwa Msitu wa Kakamega. Hasemi ndege ana vichwa viwili. Anasema ndege huyo ni wa hapa. Katika Kenya nzima utampata msituni kwetu, au hapa na misitu michache ya jirani, basi.

Pa pili ni Uingereza. Wengi wetu tuliangalia mazishi ya Malkia Elizabeth kwa runinga Septemba 2022, katika kanisa la Westminster Abbey. Tangu mwaka 1560 kanisa hilo linaitwa "Royal Peculiar". Maana yake ni kwamba haliko chini ya askofu yeyote. Liko chini ya mfalme moja kwa moja. Hakuna mtu katikati.

Hebu rudi sasa kwa 1 Petro 2:9 na hizo picha mbili mkononi. Wa hapa tu. Wa Mfalme moja kwa moja. Hilo ni jambo kubwa kuliko kuwa kioja.

Na waliotupa Biblia ya Kiswahili hawakuteleza. Pale Kutoka wakaweka "tunu". Pale Tito na Petro wakaweka "milki". Mzee wangu hakuhitaji kamusi. Biblia yake ilikuwa imeshamwambia.

2. HAZINA YA DAUDI NA NG'OMBE WA KUKHU

Mimi nilisomea biashara, na bado nikifungua Biblia macho yanakimbilia hesabu. Angalia 1 Nyakati 29:3–4. Daudi alikuwa ameshatenga vifaa vya hekalu. Hiyo ilikuwa bajeti ya ufalme. Halafu akasema kuna kingine, hazina yake yeye mwenyewe, na akaitoa kwa sababu aliipenda nyumba ya Mungu: talanta 3,000 za dhahabu na talanta 7,000 za fedha. Neno la Kiebrania la hiyo hazina yake binafsi ndilo lile lile ambalo Mungu alilitumia juu ya Israeli katika Kutoka 19:5. Mfalme anamiliki nchi yote, lakini kuna sanduku moja ambalo ufunguo wake anakaa nao mwenyewe. Mungu anasema dunia yote ni yake, na bado anakuangalia wewe na kusema: huyu yuko kwa sanduku langu.

Kukhu yangu hakusoma Kiebrania, lakini hili alilijua. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu. Boma letu lilikuwa dogo, kwa hivyo ng'ombe huyo alilala kwa rafiki yake, upande wa pili wa mto. Nikiwa mdogo nilitumwa kumwona. Nilifika nikakuta ng'ombe kumi na mbili, wote wanakula majani mamoja, wanakunywa maji mamoja, na wekundu walikuwa watatu! Nikamuuliza yule mzee mwenye boma, "Kuka, ni yupi wa Kukhu?" Hakufikiri. Akanionyesha kwa fimbo: "Yule pale. Hata nikikosa chakula, yule siwezi kuuza. Ana mwenyewe."

Ana mwenyewe. Huyo ng'ombe hakuwa na pembe za dhahabu. Hakulia kwa sauti tofauti. Tofauti yake ilikuwa kwamba kuna mtu upande wa pili wa mto aliyemnunua, anayemjua, na siku moja atakuja kumchukua.

Mpendwa, umelazwa kwa boma la dunia hii, lakini una mwenyewe. Matendo 20:28 inatukumbusha bei uliyonunuliwa nayo, na haikuwa shilingi.

3. KOSA LANGU

Sasa nifike pale nilipoahidi. Mama ninayemwandika hapa amesoma ukurasa huu kabla haujachapwa, na amenipa ruhusa. Jina lake nimeliacha.

Mwaka 2019, nikiwa bado mpya katika huduma, nilihubiri ujumbe niliouita kwa hilo neno moja, "Peculiar". Nilikuwa na moto. Nilisema hatuvai kama wao, hatuongei kama wao, hatufikiri kama wao. Halafu, kwa sababu watu walikuwa wanashangilia, niliongeza jambo ambalo sikuwa nimeliandika kwa karatasi. Nilisema, "Watu wengine wakishikwa na homa wanakimbilia dawa. Sisi si watu wengine!"

Kelele zikapanda. Nilishuka madhabahuni nikijisikia vizuri sana.

Wiki hiyo hiyo mtoto wa huyo mama alishikwa na malaria. Jumatatu homa. Jumanne akakataa kula. Mama akaomba, akafunga, akampaka mafuta. Jumatano usiku mtoto akaanza degedege. Jirani, ambaye si wa kanisa letu na wakati huo hakuwa wa kanisa lolote, alisikia kilio, akaingia bila kubisha, akamfunga mtoto kwa leso, akasimamisha boda boda. Hospitalini waliambiwa damu imeisha mwilini. Akaongezwa damu usiku huo. Alipona. Leo yuko shuleni, na Jumapili ndiye anayekimbia katikati ya viti wakati wa matangazo.

Nilienda kumwona wodini Ijumaa. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa somo vizuri: "Pasta, si ulisema tusifanye vile watu wengine wanafanya?"

Nilitubu mbele za Mungu, na Jumapili iliyofuata nilitubu mbele ya kanisa kuhusu ile sentensi ya dawa. Wengine wenu mlikuwepo. Lakini miaka yote hii nilidhani kosa langu lilikuwa la dawa peke yake. Ni mzee, pale kwa tangi la maji, aliyenionyesha kwamba mzizi ulikuwa chini zaidi. Nilikuwa nimewafundisha watu wa Mungu kwamba kadiri mtu anavyokuwa wa ajabu, ndivyo anavyokuwa wa Mungu. Hiyo si kweli. Na ukishaipanda hiyo mbegu, huwezi kuchagua itazaa nini.

4. WALIOTUTANGULIA KWA NJIA HIYO

Mwaka 1838, katika jimbo la Essex huko Uingereza, mhubiri aliyeitwa James Banyard alianzisha kundi la waumini. Walikuwa watu wa maombi, wakulima na wafanyakazi wa kawaida. Walichukua jina lao kutoka kwa haya maandiko yetu: "Peculiar People". Wakashika kwamba mgonjwa aombewe tu, daktari asiitwe. Watoto wakafa. Wazazi wakapelekwa kortini. Kesi moja ya mwaka 1899, ya baba aliyeitwa Thomas Senior, bado inasomwa na wanafunzi wa sheria: alimpenda mtoto wake mchanga, alimtunza kwa kila kitu kingine, lakini hakumwita daktari, na mahakama ikaona ana hatia ya kifo chake. Baadaye kundi hilo lilibadilika, na mwaka 1956 likaliacha hata lile jina.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda Essex. Mwaka 2023 tulikaa mbele ya runinga tukihesabu miili inayofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, mpaka hesabu ikapita 400. Watu waliokufa njaa wakiamini wanaenda kukutana na Yesu. Wengi wao walianza kama mimi na wewe, na Biblia na kiu ya kuwa tofauti. Tusiwacheke. Tuogope.

Wacha niseme waziwazi ili mtu asinitafsiri vibaya: Mungu anaponya. Nimeona. Tutaendelea kuombea wagonjwa kila Jumapili. Lakini Luka aliyesafiri na Paulo alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Mtoto akiwa na homa, muombee mkiwa njiani kwenda hospitali. Maombi hayashindwi na boda boda.

5. BASI TUFANANE NA DUNIA?

Hapana. Najua kuna mtu ameanza kufurahia somo hili kwa sababu zisizo sawa. Tulia kidogo.

Soma 1 Petro 4:4. Watu waliozoea kutembea na wewe katika ufisadi wataona ni jambo geni ukikataa kwenda nao tena. Kwa hivyo kuna ugeni unaokuja. Lakini angalia unakuja kutoka wapi. Petro hasemi ujitafutie. Unakuja wenyewe, kama moshi unavyofuata moto. Mtu anayetafuta moshi bila moto anaumiza macho ya watu tu.

Wala tusiharakishe kumhukumu mtu kwa sababu anaonekana wa ajabu. Siku ya Pentekoste wenyewe waliitwa walevi (Matendo 2:13). Hapa karibu, Kaimosi, wamishonari wa Friends walifika mwaka 1902. Mwaka 1927 uamsho ulishuka pale, watu wakaomba kwa sauti na kunena kwa lugha, na wengi wao wakaonekana wamepotoka, wakafukuzwa. Kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho Mtakatifu ambayo mpaka leo tunakutana na watu wake barabarani Jumapili na ngoma na mavazi meupe. Walioitwa wa ajabu jana wana wajukuu leo ambao nao wanawaita wengine wa ajabu.

Kwa hivyo ajabu haithibitishi kitu, na haikanushi kitu. Swali linabaki lile la kwanza: huyu ni wa nani?

6. ALAMA YA MWENYE MALI

Tutajuaje, basi? Tito 2:14 inajibu katika mstari ule ule unaotaja milki: watu hao wana bidii ya kutenda mema. Na 1 Petro 2:12, mistari mitatu tu baada ya ile tunayopenda kuipigia kelele, inataka majirani wasioamini waone mwenendo wetu na mwishowe wamtukuze Mungu. Petro anataka jirani aone wema. Mimi nilikuwa nataka jirani ashangae.

Nenda sokoni mjini asubuhi. Kuna wauza mahindi wawili. Wote wana leso, wote wana gunia, wote wana gorogoro. Gorogoro ya mmoja imepigwa nyundo chini mpaka ikaingia ndani. Ya mwingine iko vile ilitoka dukani. Huyo wa pili hana kitu cha ajabu. Hapigi kelele. Lakini watoto wa mteja wake watakula sawa na pesa zilizolipwa. Huyo ana mwenyewe.

Kuna mweka hazina wa chama ambaye kitabu chake unaweza kukifungua saa yoyote. Kuna mwenye boda boda anayerudisha simu iliyosahaulika. Kuna baba anayelipa karo ya mtoto wa marehemu ndugu yake na haitangazi. Ukipita barabarani huwezi kuwatofautisha na wengine. Ni kama wale ng'ombe wekundu watatu. Lakini mwenyewe anawajua.

Na nimefikiria sana juu ya yule jirani aliyeingia bila kubisha usiku ule wa Jumatano. Mimi niliyehubiri milki ya Mungu nilikuwa nimelala. Mtu ambaye nisingemhesabu ndiye aliyefanya kazi ya nyumba ya Baba. Namshukuru Mungu kwamba sasa tunakaa naye kiti kimoja, ingawa hakuletwa na mahubiri yangu. Aliletwa na mama, aliyerudi kusema asante.

Kwa hivyo Jumapili ijayo, mhubiri akisema hilo neno la Kiingereza, nitatafsiri hivi: "Ninyi mna mwenyewe." Pengine makofi yatapungua. Ni sawa.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Kutoka 19:5 na 1 Nyakati 29:3. Ni kitu gani nyumbani kwako ambacho huwezi kuuza hata ukikosa pesa? Hiyo inakufundisha nini kuhusu vile Mungu anakuona?

2. Je, kuna jambo tunalolifanya kanisani kwetu ili tuonekane tofauti tu, si kwa sababu linampendeza Mungu? Jadilianeni kwa upendo, bila kutaja majina.

3. Kazini kwako au sokoni, "gorogoro" yako ni ipi? Iko vile ilitoka dukani?

4. Kuna mgonjwa katika kikundi chenu anayeogopa kwenda hospitali kwa sababu ya neno alilolisikia madhabahuni? Mwombeeni leo, na mpange nani atamsindikiza kesho.

TUOMBE

Baba, asante kwa kuwa tuna mwenyewe. Utusamehe pale tulipotafuta kushangaza watu badala ya kuwatendea mema. Utusamehe sisi wahubiri kwa maneno tuliyoyasema kwa sababu ya makofi. Linda watoto wetu. Tupe matendo ambayo jirani akiyaona atauliza sisi ni wa nani, na jibu liwe Wewe. Katika jina la Yesu. Amina.